Sinema ya Pasi Inayoua

Jumapili, Julai 2009. Mlolongo.

Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Nimechoka hata kabla wiki haijaanza.

Mdogo wangu Mwende, anayeishi nami tangu amalize kidato cha nne, alileta sinema ya kutisha. Ni nyumba ambayo vyombo vinaua watu. Pasi inamrukia mwenye nyumba usoni. Kisu kinatoka chenyewe kabatini. Mwende alikuwa akipiga mayowe na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nakunja nguo huku nasinzia.

Katikati ya sinema akasikia baridi. Akaliingiza jiko la makaa sebuleni, akafunga dirisha na mlango, akarudi kujifunika blanketi.

Niliinuka nikalirudisha jiko nje.

"Kwani nini, Sista? Si tutakufa na baridi."

"Kioko alikufa hivyo."

Kioko alikuwa kaka yetu. Alichonga mawe kule Lukenya, na asubuhi moja wenzake wakamkuta kitandani amekufa, hana hata mkwaruzo. Mwende alikuwa darasa la nne. Aliambiwa kile walichokuwa wakisema wote nyumbani: Shangazi Ndunge, aliyegombana na Baba kwa ajili ya shamba, ndiye aliyemroga.

Lakini mimi ndiye niliyeenda kufungasha vitu vyake. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia, na kando ya kitanda kulikuwa na jiko limejaa majivu. Daktari naye alisema ni hewa ya sumu ya makaa. Nililisema hilo matangani. Nikalisema tena baada ya mazishi. Mama akaniambia shule imenipumbaza. Nilisema mpaka nikachoka.

Tangu hapo kwetu hakuna anayemsalimia Shangazi.

Nilimsimulia hayo yote, naye Mwende akazima televisheni. Akauliza, "Kwa hivyo Shangazi amekaa peke yake miaka hiyo yote kwa sababu ya jiko?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akaomba simu yangu. Nilidhani anampigia Mama. Kumbe alitafuta namba ya Shangazi, ile niliyopewa na binamu yetu mwaka jana na sijawahi kuipiga.

"Shangazi, ni Mwende. Mdogo wake Kioko."

 Nikaisikia ile sauti yake nzito. "Mwende. Mko na baridi huko?"

 Mwende akanipa simu, machozi yakimtoka.

Shangazi hakuniuliza kwa nini tumepiga. Alisema tu kwamba Jumamosi atapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kama tuna nafasi twende tukale.

Nimesema tutaenda.

Mama atasikia tu. Itabidi nimweleze upya yale niliyochoka kueleza, naye atakasirika, na huenda asiamini hata sasa.

Ila safari hii sitaeleza peke yangu.