Majina Kwenye Picha ya Wajapani

Aabo, baba yangu mpendwa,

Nataka tuizungumze ile picha, maana nafasi hatukuipata.

Ulipewa na Mzungu uliyempikia hapa Garissa, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Karatasi tatu, picha moja iliyochapwa kwa mbao za kuchonga: ufuo wa bahari ya Wajapani, wanawake wameinama wakiokota kome, na maandishi ya Kijapani pembeni. Ulizibandika ukutani zikagusana. Bahari hukuwahi kuiona. Nilipokuuliza maji yote yale ni ya nani, ulisema, "Ya Allah. Hata ya mto Tana ni yake."

Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza nimejua kuandika. Nikachukua penseli, kila mtu pale nikamwandikia jina la mmoja wetu. Mwanamume aliyepiga kasia kwenye karatasi ya kati nikamwita Adeer Yusuf, mdogo wako, kwa sababu nilimkumbuka. Alikuwa ameingia msituni na wale waasi walioitwa shifta. Nyumbani hakutajwa tena; mimi sikujua kwa nini.

Lori liliposhambuliwa njia ya Wajir, asubuhi yake askari walipekua mtaa mzima. Mmoja akasimama mbele ya picha.

"Haya maandishi ni ya wapi?"

"Ya Jaban, afande. Ni bicha tu."

Akasogea, akasoma jina la adeer kwa sauti. "Yusuf tunamtafuta. Nani ameandika hapa?"

Nilikuwa nimeshika nguo ya Hooyo, mama yangu. Ulinitazama mara moja tu, kisha ukamgeukia.

"Ni mimi."

Waliibandua karatasi ya kati, wakaondoka nayo, na wewe pia. Hooyo alikupelekea chakula kambini siku baada ya siku, wakamrudisha nacho. Mwishowe wakamwambia asije tena. Kaburi lako hatulijui.

Miaka yote hiyo nilinyamaza, Aabo. Mwezi uliopita Hooyo alizidiwa, nikaona asiondoke bila kujua. Nikamwambia penseli ile ilikuwa yangu. Alikuwa amefumba macho, nikadhani hakunisikia.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Baba yako hakujua kuandika hata jina lake."

Akaomba maji, nikamnywesha. Tulimzika Ijumaa.

Allah akurehemu, popote walipokulaza.

Binti yako, uliyemkinga.