Mkate Usio na Alama

Pramorel,
Milima ya Alpi,
Ufaransa.
26 Novemba 2011

Mpendwa mwanangu Delphine,

Hujambo, na huyo mgeni uliyembeba tumboni hajambo? Mguu uliosema umevimba umetulia? Usiwe mbishi, lala uuinue juu. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma, na sababu yake utaisoma humu humu.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikakasirika kidogo. Mama mkwe wako anasema Fournier ni jina la watumishi, mtoto achukue la baba yake peke yake. Nawe unataka kujua kama ni kweli alivyokusimulia marehemu baba yako, kwamba zamani tulikuwa na ngome na farasi. Kaka yangu Firmin, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutia chumvi. Ngome hatukuwa nayo, na farasi tulikuwa tukiazima.

Ngome ilikuwa ya bwana mwenye ardhi, na tanuri la mikate pia lilikuwa lake. Mtu hakuruhusiwa kuoka kwake. Kila nyumba ilikanda unga, ikaupeleka kwa aliyewekwa kuwasha tanuri, na huyo ndiye aliyeitwa fournier. Enzi hizo mtu alikuwa na jina moja tu, basi akina Pierre walipozidi kijijini ikabidi watofautishwe, huyu wetu akawa Pierre wa tanuri. Watoto wake wakarithi jina, hata waliokwenda kuchunga kondoo. Kwa hiyo mama mkwe wako hakukosea sana. Tulikuwa watumishi, tena wa kuchukiwa, maana tulimega unga wa kila nyumba kwa ajili ya bwana na kwa ajili yetu.

Mikate yote ikiingia tanuri moja, utajuaje upi wa nani? Ndiyo maana kila nyumba ina kidude chake cha mbao cha kugongea alama juu ya unga. Kwa jirani yangu Léontine ni nyota, kwa mzee Clovis ni jogoo. Sisi hatuna. Mkate usio na alama ni wa Fournier. Mabwana walipoondolewa na tanuri likawa la kijiji, hakuna aliyelazimishwa tena kutupa kitu. Lakini nyumba iliyomwamini mwenye tanuri iliendelea kumwachia mkate mmoja bila alama. Isiyomwamini iligonga yote.

Sasa sikia. Baba mdogo Anselme, aliyekuwa akiwasha tanuri, tulimzika baada ya Pasaka, na mwanamume wa Fournier hakubaki hapa hata mmoja. Msimu wa kuoka kwa mara moja mikate ya majira yote ya baridi ulipokaribia, watu wakakaa kikao. Wakasema aitwe mwokaji wa kukodi kutoka bondeni, au tanuri lizibwe. Nikajikuta nimesimama. Nikasema nitawasha mimi.

"Honorine, wewe hata kahawa unaiunguza," Clovis akasema.

"Basi mwaka huu utakula makaa, na utashukuru," nikamjibu.

Walicheka, wakaniachia, lakini niliona ni shingo upande. Nikiharibu, kijiji kitakosa mkate hadi machipuko, na jina letu hapa ndio basi tena.

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nilifagia makaa, nikarusha unga kidogo sakafuni mwa tanuri kama nilivyokuwa nikimwona baba mdogo akifanya. Ukawa mweusi papo hapo. Moto umezidi. Nyuma yangu Clovis akaanza kujikohoza. Nikakaa juu ya kuni, nikangoja, nikarusha tena, na safari hii ukageuka kahawia taratibu. Léontine akawa ananipangia mikate juu ya ubao wenye mpini mrefu, nami nasukuma ndani, macho yangu yako tanurini tu.

Ilitoka mizuri. Michache iliungua pembeni, sisemi uongo. Kila mtu akachukua yake, na mezani ikabaki mingine.

"Hii ya nani? Mmesahau," nikasema.

"Makubwa haya," Léontine akasema. "Tangu lini Fournier akauliza hii ya nani?"

Nikamgeukia Clovis.

"Usinitazame hivyo. Wa kwangu ni ule uliopinda."

Nililia mbele yao wote, mtu mzima mimi.

Mtoto ni wako na Gaétan, jina mtachagua wenyewe. Ila ningefurahi sana alipate letu, nalo ni la utumishi kama alivyosema mama mkwe wako. Msalimie hata yeye, na Gaétan, na dada yako Mireille umwambie aniandikie.

Nimekufungia mkate mmoja kwenye kitambaa. Ni mgumu, uuloweke kwenye supu. Huo ni wa Clovis, uliopinda. Kabla hujaukata, ugeuze huku na huku uone hauna alama, kisha ukumbuke kwamba alama hugongwa kabla mkate haujaingia motoni.

Mungu akujalie ujifungue salama.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi yako,
Honorine Fournier