Ondoa Kila "Sana"

4 Machi
Mama mpendwa,
Shikamoo. Natumaini macho hayakuumi tena. Sisi tu wazima. Gauni ulilomshonea mjukuu wako limefika, ni zuri sana, ila lilichanika makwapani siku ileile. Pengine ni kitambaa. Mtoto ni mzuri sana, mchangamfu sana. Usijichoshe tena na cherehani.
Mwanao

19 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Maumivu hakuna, ni giza tu. Anayeniandikia ni kaka yako, na amenuna, kwa sababu ameshapata mtu wa kuinunua cherehani. Nimemwambia angoje gauni moja. Likichanika na hilo, waibebe.
Kitambaa hakina kosa. Ulimpima mtoto amelala, nami nimemshonea mtoto aliyelala. Wateja wangu nilikuwa nawatazama wakiingia mlangoni kabla sijashika futi. Huyu simwoni, na "mzuri sana" siwezi kuitia mkasi. Acha uvivu. Ondoa kila "sana", niambie anafanya nini, kwa kiungo gani, na nisikie mlio wake.
Mama yako

2 Aprili
Mama,
Shikamoo. Poleni na kazi, wewe ya kuamrisha na kaka ya kuandika.
Nimechana karatasi mpaka nimechoka. Sikiliza. Mjukuu wako hushuka kitandani kwa tumbo, miguu ikitangulia, anatua pu. Kisha huyo, mikono juu kama anaanua nguo kwenye kamba, anaparaza ukuta kwa bega hadi jikoni. Anajinyoosha kwa ncha za vidole, anavuta sufuria, inaanguka paa, naye anachuchumaa kuitazama huku anacheka mpaka kwikwi inamshika. Mikono haishuki kutwa nzima. Nimeandika nikilia, maana hata mimi nilikuwa sijamtazama hivi.
Mwanao

11 Mei
Mama,
Shikamoo. Gauni jipya limefika. Nilianza kuandika "limemkaa vizuri sana", nikafuta. Ameinua mikono, akavuta sufuria, paa, akachuchumaa, marinda yakafunguka yakamzunguka sakafuni. Nimepitisha kidole makwapani. Hakuna uzi uliokatika.
Mwanao

30 Mei
Mwanangu,
Marahaba. Nimemwona. Mnunuzi alikuja, na kaka yako akamsomea barua zako palepale mlangoni. Kila alipofika kwenye "paa" alipiga sufuria. Yule bwana ameondoka mikono mitupu, na cherehani nimeitia mafuta.
Sasa niandikie mume wako anavyoketi mezani, nimshonee shati. Ukiniambia ni mnene sana, nitamtumia shuka.
Mama yako