Maziwa ya Karanga Yasiyokatika

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na goti limepoa? Sisi huku wazima, tena leo nyumba nzima ni kicheko, ndiyo maana nimeshika kalamu kabla hata sijaoga.

Unajua Baba, kaka yako, alivyotoka hospitali: mifupa mitupu. Daktari alisema ale vya kujenga mwili, lakini maziwa ya ng'ombe yanamvuruga tumbo, na nyama imemshinda. Ikabaki chai ya rangi, asubuhi na jioni. Nilimwona akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, roho ikaniuma.

Kazini nako kulikuwa na mtihani wake. Maziwa ya karanga tunayotengeneza ni matamu yakiwa baridi, ila ukiyatia kwenye chai ya moto yanakatika: mabonge juu, maji chini. Protini ya karanga ikipata joto hukumbatiana kama wachezaji waliofunga bao. Dawa yake ni kimeng'enya kinachoikata vipande vidogo visivyoshikana. Mara ya kwanza nilikiacha kikate mno, maziwa yakawa machungu kama shubiri. Mkuu wetu wa maabara, tunayemwita Bi Ndimu kwa jinsi anavyokunja uso, aliyatema.

"Mwanangu, hii dawa ya minyoo," akasema. "Mkishindwa tena, kazi hii tunaifunga."

Safari hii niliacha kikate kidogo tu, kisha nikachemsha upesi ili kife kabla hakijaleta uchungu. Jumatano Bi Ndimu akayamimina kwenye chai ya moto mbele yetu sote. Akakoroga, akangoja, akakoroga tena. Hakuna bonge! Akanywa, uso ukabaki laini, akauliza, "Nani amemaliza biskuti zangu?" Hapo tukajua tumeshinda. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani tunaungua.

Jana nikaruhusiwa kuleta chupa nyumbani. Baba, ambaye karanga hazijawahi kumdhuru, akaanza kebehi zake: "Karanga ni za kutafuna, si za kukamua. Mlizifunga kamba miguuni?"

Mama akammiminia kikombe. Baba akapiga funda. Akapiga la pili. Kisha akasukuma kikombe kitupu mbele ya Mama.

"Jaza. Hicho usikihesabu, nilikuwa naonja tu."

Mama akageukia dirishani, akijifuta macho na kudai ni mvuke wa birika.

Shangazi, leo tumbo la Baba limetulia tuli, na yeye ndiye aliyetuamsha, akigonga kila mlango na kijiko: "Amkeni, chai inapoa!"

Mpe shikamoo yangu mzee wa nyumba, na wasalimie binamu zangu wote, hasa yule bingwa wa ubishi. Mungu akuzidishie siku, na kila ukitiacho mdomoni kikujenge.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Kitinda mimba wa kaka yako