Kiko Nilichobadilisha

Mama Colette, mshauri wetu wa redio, nakuandikia mimi mwalimu mstaafu hapa Kisangani, daktari ameshaniambia moyo wangu haufiki mbali, na kabla sijaondoka kuna jambo la kiko lazima nilitoe, tafadhali usicheke.

Mwaka jana binti yangu Viviane alituletea viko viwili vipya, vya aina moja, kimoja changu na kimoja cha rafiki yangu Ismaël, mpiga kasia aliyekuwa akimvusha mto kwenda shule, na hapo hapo roho iliniuma, kwa maana baba ni mimi. Chake kilivuta vizuri tangu siku ya kwanza. Changu walikitoboa vibaya huko kiwandani, tundu la moshi halikufika chini ya kichwa, tumbaku ilibaki mbichi, mate yakachemka ndani, na mdomo wake ulikuwa unalegea. Ismaël akanitania mbele ya binti yangu: "Mwalimu, uko unavuta kiko ao unapuliza filimbi?" Viviane akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi Ismaël alipokwenda kutawadha, nikavibadilisha.

Jumapili iliyofuata alivuta, akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, moshi hakuna. Nilingoja akilaumu kiko. Akakiweka chini, akasema polepole: "Bon, Mwalimu, ni pumzi yangu iko inaisha." Nami nikamjibu, "Uzee huo, ndugu," na nakiri nilifurahi. Mwezi uleule akampa mpwa wake Glodi mtumbwi, akaacha mto, sasa anakaa mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa, nami nimevuta kiko chake mwaka mzima na kila mvuto ni mtamu. Niseme, au nife ningali rafiki yake?

Dominique

JIBU

Papa Dominique, pole kwa moyo. Pole yangu inaishia hapo. Miaka yote umesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu, la kwako ukalifunika kwa moshi. Kwa wivu wa kicheko kimoja umemtoa mtu mtoni. Na usinidanganye kwamba unaogopa kumpoteza rafiki. Unaogopa Viviane asikie.

Mwite Ismaël leo, na Viviane awepo. Usianze na hotuba, walimu mnapenda hotuba. Mpe kiko chake kikiwa kimejazwa, avute kwanza. Moshi ukitoka atajua kifua chake ni kizima kabla hujafungua mdomo. Ndipo useme, bila kumsingizia shetani. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Kisha wewe mwenyewe, si yeye, umwombe Glodi arudishe mtumbwi.

Kile kibovu, chukua waya wa baiskeli, uchome motoni, upitishe kwenye tundu mpaka chini ya kichwa, mdomo uzungushie uzi uliopakwa nta. Ni kazi ya nusu saa, Papa. Ungeifanya siku ileile, ungebaki na kiko chako, na yeye angebaki na mto wake.