Jeneza Moja Ulilolikosa, Babu Amour

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu kanzu yako ya kuendea maziko ibaki msumarini, hapa Al Rigga, Deira, bila mtu wa kuivaa.

Ulizaliwa Unguja katika nyumba ya wenye mashamba ya karafuu. Dubai ukawa fundi cherehani, wala hukuona haya. Sindano ulizichomeka kwenye kola ukazisahau, na Bibi Zuwena akifua zikamchoma.

“Amour, wataka kuniua?”

“Ningetaka, ningekupikia mimi.”

Akifa mtu yeyote, wewe ulikuwa wa kwanza kufika. Alipofariki Gerishom, mlinzi Mkenya aliyekuwa akikufungulia mlango kwenye jengo la Shangazi Lamees, uliniamuru nikupeleke Dubai Investments Park, kwenye nyumba za wafanyakazi, wenzake walikokuwa wakimuaga.

Nikasema, “Babu, huyu si Muislamu, wala si mtu wetu.”

“Maiti hana kadi ya chama. Yalla, endesha.”

Tukirudi ndipo uliponieleza. Mwingereza alikuwa karibu kuondoka Unguja, na nyumba yenu ilikuwa imegawika. Baba yenu alikuwa wa chama cha Hizbu, nawe ukasimama naye. Kaka yako Yaqoub aliingia chama cha Afro pamoja na wachumaji wa karafuu zenu, akafukuzwa. Siku zile watu wa chama hiki hawakuwazika wa chama kile. Akafa Ghanim, mtoto wa Yaqoub, wa miaka mitatu. Jeneza dogo lilipita mbele ya nyumba yenu. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, ukasikia tahlili ikipita mpaka ikapotea. Hukufungua.

Mimi, kwa kiburi changu, nikakujibu, “Lakini Babu, wale wa Afro walipopindua walitunyang’anya kila kitu!”

“Ghanim alikunyang’anya nini, Mohannad?”



Ulimwandikia Yaqoub barua tatu za kuomba radhi. Hakujibu, akafa. Nawe uliondoka ukiamini hukusamehewa; maneno yako ya mwisho kwa Bibi yalikuwa, “Yaqoub hakunijibu.”

Siku ya tatu ya msiba wako aliingia mama mmoja na mkoba wake wa safari. Alikuwa Bi Hilwa, binti wa Yaqoub, dada yake Ghanim. Shangazi Lamees akamuuliza, akilia, kama amekuja kukusamehe wewe.

“Nimekuja kuzika, na nimechelewa,” akasema. “Barua zote tatu Baba alizisoma. Kila moja alisema: sitaki maneno ya Amour, namtaka mwenyewe, aje asimame kwa mwanangu. Kuandika hivyo akashindwa. Na yeye alikuwa na kiburi. Si ndugu hao?”

Akanywa maji, akasema tena, “Mwakani mleteni kwa Ghanim, japo kwa jina.”

Basi Babu, khitma yako mwaka huu haisomwi Deira. Ijumaa hii tutakuwa Unguja, kwa Bi Hilwa, na majina yatakayosomwa ni mawili, lako na la Ghanim. Asubuhi nitakwenda kaburini kwa Ghanim. Kanzu yako nimeitoa msumarini, nitaivaa mimi.

*Mlango uliofunga, Hilwa ameufungua,*
*Majina tumeyaunga, nyote tumewachukua.*

Unakumbukwa na mkeo Zuwena, binti yako Lamees, mjukuu wako Mohannad na, kwa mara ya kwanza katika orodha hii, binti wa kaka yako, Hilwa Yaqoub. Daima tutakukumbuka, Babu, na Ghanim pamoja nawe.