Ufa Umefika Upande wa Dereva

Baba Wanja,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia wewe na wote waliohusika kwamba ule ufa wa kioo cha mbele cha gari umewasili salama upande wa dereva. Ulianzia kwenye kona ya abiria, ukapumzika viangazi viwili chini ya kioo cha kutazamia nyuma, na juzi baridi ya kwanza ilipoupiga mji wetu wa Burnsville, ukamalizia mwendo. Katika nyumba hii hakuna mwingine aliyesafiri kwa uaminifu namna hiyo.

Unakumbuka ulikoanzia. Nitakukumbusha hata hivyo, maana wewe huchagua vya kukumbuka.

Ilikuwa Novemba. Ulikuwa umeitwa kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee huko juu kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Tulimwacha Wanja kwa jirani, tukaenda kupaona, ili niseme kama ningekubali kuhamia. Baada ya mji wa Duluth ikawa misonobari, kisha misonobari, kisha kibao cha kuonya kuhusu kulungu, kisha kulungu mwenyewe, amekufa kando ya njia. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, rangi ya sufuria ya zamani. Ukasema, "Pazuri, sivyo?" Nikasema pana nafasi.

Tukalala moteli. Asubuhi kioo kilikuwa kimeganda cheupe, na kile kikwangulio cha barafu tulikuwa tumekisahau mlangoni kwetu. Nikasema tuwashe gari, tungoje. Ukanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi.

"Mama Wanja, mimi nimezaliwa Kinangop. Baridi utanifunza wewe, mtu wa Mombasa?"

Baba yako, ukasema, alikuwa akiimwagia Peugeot yake maji ya moto kila asubuhi ya umande mkali, na haikuwahi kulalamika. Kungoja maji yachemke hukutaka. Ukachukua chupa yangu ya chai, niliyokuwa nimeipika dakika ile ile kwenye jiko dogo la chumba, ya maziwa, na tangawizi yake, ukaimimina yote.

Ka!

Ufa wa urefu wa kidole. Chai iliyobaki ikaganda hapo hapo. Tukaendelea kuitazama kaskazini kupitia maziwa na sukari.

Ukaendesha maili arobaini. Kisha ukasema, bila kugeuza shingo, "Tukirudi, tuseme ni wewe."

Nilielewa. Kanisani wewe ndiye mwalimu wa wageni. Kila Oktoba unawasimamisha Wakenya waliotua juzi na kuwafundisha soksi, matairi na namna ya kutembea juu ya barafu. Mwalimu hawezi kupasua kioo kwa chai. Mtu wa pwani anaweza.

"Na mimi nipate nini?" nikakuuliza.

"Usipopapenda huko, siendi. Naapa, mama."

Tukafika. Posta, kituo cha petroli, nyumba ya wazee, na theluji iliyokuwa imeshaanza kazi. Nikasema hapana. Ukasema sawa, na uliponishika mkono nikaamini.

Jumapili iliyofuata, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakiwa na sahani za pilau, ukasimama. "Watu wa pwani, jamani! Kaona kioo kimeganda, kakipa chai!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mama mmoja akanipigapiga mgongo: "Pole dada. Na mahamri je, hukukiwekea?" Nikacheka kuliko wote. Nilidhani kicheko hicho ndicho kinachokuweka nyumbani.

Februari ukaenda. Miezi sita tu, ulisema. Huu unaoingia ni msimu wa tatu wa baridi. Unapiga simu, unasema ungekuja lakini barabara ni mbaya. Mwezi wa Julai pia barabara ilikuwa mbaya.

Wanja sasa anajifunza kuendesha. Unamsikia kwenye simu, lakini hujamwona akigeuza kichwa kutazama nyuma, ulimi nje kidogo, vile vile kama wewe. Juzi nilishika kikwangulio, akaninyang'anya. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, nikae mbali na kioo, historia yangu inajulikana. Akacheka. Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini kicheko kile ni chako, nukta kwa nukta, na ndicho kitu pekee chako anachokiona kila siku. Nikaufunga.

Kwa hiyo sikuombi urudi. Hilo nililiomba nikachoka, na nisingependa kukusumbua na barabara. Naomba jambo dogo. Jumapili ukipiga simu, kabla hujamuuliza habari za shule, mwambie mtoto ni nani aliyemwaga chai. Mimi nimeshika neno langu miaka hii yote mbele ya kanisa zima. Lako lilikuwa la watu wawili tu ndani ya gari, na lilikushinda.

Vaa kofia. Wewe ndiye uliyetufundisha.

Ni mimi, mama wa mtoto wako,
mtu wa Mombasa.

Nyongeza: Kioo kimebadilishwa jana. Fundi aliniuliza kilipasukaje, nami nikamweleza yote, kuanzia Kinangop. Ni mtu wa kwanza kuambiwa. Kwenye fomu, penye sababu, akaandika "jiwe".